Kabla ya kumsaidia mwenzako kukata rufaa ya fidia ya ulemavu

Mwanajeshi wa zamani wa Marekani akipokea barua ya VA, idara inayoshughulikia wanajeshi wa zamani, kwamba dai lake la fidia ya ulemavu limekataliwa, mara nyingi mtu wa kwanza kumpigia simu si wakili. Ni yule aliyetumikia naye kikosi kimoja. Ukipokea simu hiyo, mwenzako ana bahati kuwa nawe, lakini jiandae. Nia njema isiyojua taratibu inaweza kumpotezea malimbikizo ya malipo ya miezi mingi.

Anzeni na tarehe. Kila barua ya uamuzi ina tarehe yake, na kuanzia hapo ana mwaka mmoja. Akichukua hatua ndani ya mwaka huo na hatimaye akashinda, kwa kawaida malipo huhesabiwa kuanzia siku ya dai la awali. Mwaka ukipita, bado anaweza kuleta dai la nyongeza, yaani dai lile lile likiwa na ushahidi mpya, ila malipo yatahesabiwa tangu siku alipolileta. Tarehe hiyo iandike na wewe kwako, kwa sababu aliyekataliwa huwa anaitupa barua kwenye droo na hataki hata kuiona.

Kisha isomeni barua yote, pole pole, hadi ukurasa wa mwisho. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2017 na kuanza kutumika Februari 2019, barua inatakiwa kueleza ushahidi uliotazamwa, mambo ambayo VA imeyakubali kwa faida ya mdai, na kilichopungua. Hayo yaliyokubaliwa ni mali yake: maofisa watakaofuata hawawezi kuyafuta hivi hivi, labda waonyeshe kosa la wazi lisilopingika. Kwa kawaida dai husimama juu ya mambo matatu, yaani ugonjwa au jeraha alilo nalo sasa, tukio la wakati wa utumishi, na kiungo cha kitabibu kati ya hayo mawili. Tafuteni ni lipi kati ya hayo matatu limekosekana. Nimeona watu wakirundika vyeti vya hospitali kuthibitisha ugonjwa ambao VA ilikwisha kuukubali, huku kiungo hakijaguswa.

Mkishajua kilichopungua, njia itajichagua karibu yenyewe. Kama ushahidi haukutosha, ni dai la nyongeza, fomu 20-0995, na lazima alete kitu kipya kinachohusiana na dai. Kama ushahidi ulikuwapo ila ofisa aliusoma vibaya, aombe mapitio ya ngazi ya juu kwa fomu 20-0996. Hapo haipokelewi karatasi mpya hata moja, lakini anaweza kuomba mazungumzo ya simu na mpitiaji ili amwonyeshe kosa lilipo. Njia ya tatu ni Bodi ya Rufaa, fomu 10182, mbele ya jaji. Hapo anachagua mojawapo: faili isomwe kama ilivyo, apewe siku 90 za kuongeza ushahidi, au asikilizwe. Kusikilizwa huchukua muda mrefu zaidi, na wapo wanaohitaji hilo kweli. Mwacheni achague mwenyewe.

Kabla hamjaandika chochote, aombe nakala ya faili lake la madai. Ndani yake mtakuta ripoti ya daktari aliyempima kwa niaba ya VA, na mara nyingi ndiyo iliyoangusha dai. Ikiwa rekodi za utumishi hazionekani, msikate tamaa mapema. Moto wa Julai 1973 katika kituo cha kumbukumbu cha St. Louis uliteketeza mafaili yapatayo milioni 16 hadi 18, mengi ya jeshi la nchi kavu ya watu waliotoka jeshini kati ya 1912 na 1960. Wazee hao na familia zao hutegemea barua za zamani, picha, na vinywa vya wenzao.

Hapo ndipo unapoingia wewe, na hili nalisema kwa uzito: maelezo ya shahidi aliyekuwapo yana nguvu kuliko wengi wanavyodhani, mradi yawe ya kweli na ya mambo aliyoyaona kwa karibu. Fomu yake ni 21-10210. Usiandike "mwenzangu aliumia vibaya sana kazini". Andika ulichokiona: "Nilikuwa nyuma ya lori. Aliruka akatua kwa goti la kushoto, akashindwa kusimama. Tulimshika mabega mimi na mwingine. Hadi tunaondoka kambini, begi lake nililibeba mimi." Taja kikosi, mahali, na mwezi kama unaukumbuka. Kama huukumbuki, sema hivyo. Usitaje jina la ugonjwa, hiyo ni kazi ya daktari. Wala usiongeze hata chembe ili kumfurahisha, kwa maana unatia sahihi kwamba ni kweli, na uongo mmoja utachafua faili zima. Mke au ndugu anayeishi naye aandike yake: usingizi, ngazi, hasira, siku anazoshindwa kuamka.

Daktari anayeandika kuhusu kiungo kati ya ugonjwa na utumishi aseme kama uwezekano unafika angalau nusu kwa nusu, na aeleze kwa nini. Hiyo inatosha, kwa kuwa ushahidi ukilingana pande zote mbili, sheria inampa mdai. Barua inayosema tu "huenda" haimsaidii.

Siku ya kupimwa asikose. Akipata dharura apige simu kabla, kwani kutokwenda bila sababu nzuri kunaweza kulimaliza dai. Msindikize ukiweza, ila usimfundishe majibu. Mkumbushe jambo moja tu: askari wamezoea kusema "niko sawa", na daktari ataandika hivyo hivyo. Aeleze siku zake mbaya jinsi zilivyo, bila kupunguza wala kuzidisha.

Kuhusu mwakilishi, mashirika ya wanajeshi wa zamani kama DAV, American Legion na VFW yana watu walioidhinishwa na VA wanaosaidia bure. Anayedai pesa bila idhini ya VA, achana naye.

Mtazame na mwenyewe pia. Kukataliwa huamsha mambo aliyokuwa ameyafunga. Akianza kusema kwamba hana sababu ya kuishi, acheni karatasi, pigeni simu ya dharura ya wanajeshi wa zamani, 988 kisha mbonyeze 1, na usimwache peke yake.

Na Bodi ikimkatalia, ana siku 120 tu za kwenda mahakama ya rufaa ya wanajeshi wa zamani. Mahakamani maelezo mapya hayapokelewi, hoja ni za kisheria, kwa hiyo mtafutieni mwanasheria wiki ile ile barua inapofika.