Somo: Kuunga kigoda kwa tundu na ulimi, mtindo wa Misri ya kale

Seremala wa enzi za mafarao hakuwa na randa wala jiriwa ya kubana mbao, na misumeno yake ilikuwa ya shaba, baadaye shaba nyeusi (shaba iliyochanganywa na bati). Shaba ni laini: ukiisukuma inajikunja. Karibu kila hatua hapa chini inatokana na hilo.

Mahitaji: miguu 4 (sm 4 × 4, urefu sm 38, sm 3 za juu zikiwa za ziada), papi 4 za kuunganisha miguu (unene mm 24, upana sm 3, urefu sm 35), msumeno wa kuvuta, tezo (shoka la kuchongea), patasi ya mm 8, nyundo ya mti, keke ya uta (ya kutobolea), gundi ya ngozi, jiwe la mchanga.

1. Kupasua. Simamisha gogo, lifunge kwenye nguzo iliyochimbiwa imara, kaza kamba kwa kuisokota na kijiti. Mfano wa karakana uliofukuliwa mwaka 1920 katika kaburi la Meketre, ofisa wa farao, huko Thebes, Misri, unaonyesha mbao ikipasuliwa hivyo hivyo, wima. Meno ya msumeno yaelekee mpini, maana unakata ukivuta. Meno ya zamani hayakupanuliwa huku na huku kwa mpangilio, hivyo mbao hubana msumeno. Gonga kabari kwenye mkato kila unaposhuka kidogo. Ukifika kwenye kamba, ifungue, uihamishe.

2. Kunyoosha. Tezo kwanza, ukifuata nyuzi. Nyuzi zikigeuka, geuza mbao, la sivyo tezo itanyofoa vipande. Malizia kwa jiwe la mchanga.

3. Ndimi. Ulimi ni ncha ya papi iliyochongwa nyembamba iingie kwenye tundu la mguu. Kila ncha ya papi: unene mm 8 (theluthi ya papi), upana sm 2, urefu sm 2.5. Kata mabega (sehemu za papi zinazobaki kando ya ulimi na kukaa juu ya mguu) kwanza. Bega lisilokaa sawa ndilo linalofanya kigoda kicheze, hata ulimi ukibana vipi.

4. Matundu. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mguu una sm 4 tu, na ndimi mbili za sm 2.5 zinazoingia kutoka pande mbili zitagongana ndani. Shusha papi za mbele na nyuma sm 2.5 chini ya zile za pembeni. Mm 5 za mbao zitabaki kati ya tundu na tundu. Kwa kila tundu, toboa kwanza vitobo vitatu kwa keke, ukiukandamiza msukano (kijiti kinachozunguka) kwa jivu (kishikio chake cha juu) bila kuulaza, kisha safisha kwa patasi. Usianze na patasi: ya shaba itapinda, na ya chuma inaweza kuupasua mguu. Zile sm 3 za ziada juu ya mguu ni za kuzuia mpasuko. Zikate baada ya kuunga.

5. Kuunga. Paka gundi ya moto, gonga, hakikisha pembe ni mraba, kisha toboa kitobo cha mm 5 kupitia mguu na ulimi, upigilie kijiti kikavu cha mgunga. Kijiti kibichi kitasinyaa na kulegea.

Maswali ya wanachama

*Fundi, gundi yangu ikikauka inaachia. Nakosea wapi?*
Umeichemsha. Loweka usiku kucha, kisha pasha moto chungu kikiwa ndani ya maji, isizidi nyuzi joto 60 hivi. Na mbao isiwe ya baridi, gundi huganda kabla haijapenya.

*Mkuyu unafaa? Kwetu umejaa.*
Wamisri waliutumia sana, pamoja na mgunga na mkunazi. Ila mkuyu ni mwepesi na laini, utumie kwa masanduku. Miguu iwe ya mgunga. Miti yao ilitoa mbao fupi, zilizopinda, ndiyo maana utaona viraka vingi kwenye kazi zao. Mbao ndefu ni mwerezi wa Lebanoni: mashua ya farao Khufu, iliyogunduliwa Giza mwaka 1954, ina urefu wa zaidi ya mita 43, na mbao zake zimeshonwa kwa kamba.

*Mbao pana zinapinda. Walifanyaje?*
Jeneza moja la Saqqara, eneo la makaburi ya kale Misri, la Nasaba ya 3 ya mafarao, lilitengenezwa kwa matabaka sita membamba, nyuzi zikipishana, yakashikwa kwa vijiti. Plaiwudi ile ile.

*Na mpingo?*
Abunusi iliyopelekwa Misri kutoka kusini ni huu huu mpingo, Dalbergia melanoxylon. Waliutumia hasa kwa samani za kifahari na mapambo. Usiutumie kwa miguu wala papi za somo hili: keke itapoteza makali, na gundi haishiki vizuri kwa sababu ya mafuta yake. Ukitaka, chukua kipande chembamba, ukifute kwanza kwa spiriti, kisha upambe nacho uso wa papi.