Meneja wa mradi (PM) kakukatalia klemu yako ya hela au siku? Fungua mkataba kabla hujapiga simu

Wakuu, wakandarasi wengi wadogo ninaowajua wakigombana na mteja kuhusu veriesheni (kazi iliyobadilishwa au kuongezwa) au siku za nyongeza wanafanya kitu kimoja, wanapiga simu. Wanampigia PM, wanampigia injinia, wanamtafuta mtu anayefahamiana na mkurugenzi, wanaambiwa subiri kidogo linashughulikiwa, basi wanasubiri. Mimi mwenyewe yalinikuta kwenye kazi moja ya makalvati, halmashauri siitaji, masika yalitusimamisha karibu mwezi mzima na PM akatunyima nyongeza kwa barua ya mistari minne. Tukasema tusimuudhi, twende tukamwone kiungwana. Wiki ya tano ndo mtu akafungua GCC, yale masharti ya jumla ya mkataba, kumbe tulikuwa na siku 14 tu za kupeleka kwa adjudiketa, mwamuzi wa migogoro anayewekwa na mkataba.

Kwa hiyo cha kwanza ni kusoma kipengele cha migogoro kwenye mkataba wako wewe, siyo wa jirani. Mikataba mingi ya kazi ndogo za serikali hapa Tanzania imefuata muundo wa Benki ya Dunia: ukiona PM kaamua kimakosa au kavuka mamlaka yake, unapeleka kwa adjudiketa ndani ya siku 14 tangu ujulishwe uamuzi wake, adjudiketa anatoa uamuzi wa maandishi ndani ya siku 28, halafu kila upande una siku 28 za kwenda kwa arbitreta (msuluhishi wa hatua inayofuata), zikipita hamna aliyeenda basi uamuzi umefunga. FIDIC, mkataba wa mfano wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la mwaka 1999, kile kitabu chekundu, ina hesabu tofauti: notisi ya klemu ndani ya siku 28 tangu ulipojua tukio, ukichelewa unapoteza haki yenyewe, na bodi ya migogoro ina siku 84 za kuamua. Ukichanganya hizi mbili umekwisha. Na ujue huku kwetu haki ya kwenda kwa adjudiketa inatoka kwenye mkataba, hatuna kama Uingereza ambako sheria ya mwaka 1996 inampa mkandarasi adjudikesheni hata kama mkataba umenyamaza. Kipengele kikifutwa kwenye SCC (masharti maalum ya mkataba) na wewe ukasaini, ndo imetoka hiyo.

Halafu angalia jina la adjudiketa lipo? Mara nyingi pameachwa wazi, maana siku ya kusaini kila mtu anacheka na hamna anayetaka kuongelea ugomvi, ila ndo siku rahisi kuliko zote za kukubaliana jina. Mkishindwana, anateua yule aliyetajwa kama mamlaka ya uteuzi, na mikataba mingi ya huku utakuta ni Baraza la Taifa la Ujenzi, NCC. Kosa ninaloliona sana ni mtu kusubiri adjudiketa apatikane kwanza ndo aandike. Hapana. Notisi ya mgogoro iende ndani ya muda hata kama kiti bado kitupu, kwa mteja nakala kwa PM, ukiomba hapo hapo uteuzi ufanyike. Ipite masijala igongwe mhuri, na kitabu chako cha dispachi kisainiwe. Wasapu siyo notisi, labda mkataba useme hivyo.

Hela nayo. Kwenye ule muundo wa Benki ya Dunia adjudiketa analipwa kwa saa na gharama mnagawana nusu kwa nusu, awe kashinda nani. Kwa klemu ndogo sana piga hesabu vizuri, unaweza kushinda na ukabaki huna kitu.

Sasa faili lenyewe, hapa ndo kazi ilipo. Adjudiketa hakujui, hajafika saiti yako, na ana wiki nne. Anza na ukurasa mmoja unaosema unadai nini: shilingi ngapi, siku ngapi, riba kwa kipengele kipi. Usiandike "tunaomba haki itendeke", atakupa haki gani sasa? Fuatisha na mtiririko wa tarehe, kila tarehe na barua yake pembeni yenye namba ya kiambatisho. Kama ni mvua, weka daftari la saiti, vipimo vya mvua vya kituo cha karibu, programu ya kazi kabla na baada, na uonyeshe ni shughuli ipi ya njia kuu (zile ambazo zikichelewa mradi wote unachelewa) ilisimama, maana mvua kunyesha siku 20 haimaanishi kazi imechelewa siku 20. Kama ni veriesheni, anataka kuona maelekezo ya maandishi. Fundi aliambiwa kwa mdomo? Basi tafuta minitsi za kikao cha saiti kilichofuata, mara nyingi limo humo, na kama halimo ni kwa sababu hukuandika barua ya kuthibitisha siku ile ile. Bei zitoke kwenye BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake) au uzijenge wazi, leba, matirio, mashine.

Peleka mgogoro ambao PM ameshauamua tu. Ukibandika na klemu mpya ambayo hajawahi kuiona, mteja atasema adjudiketa hana mamlaka nayo, na atakuwa sahihi. Matusi ya PM kula rushwa yaache nyumbani hata kama unayajua.

Ikishaanza usimpigie adjudiketa peke yako hata kumsalimia. Kila barua, nakala kwa upande wa pili.

Uamuzi ukitoka andika tarehe ukutani. Umeshindwa na hukubali, notisi ya kwenda kwa arbitreta iende ndani ya zile 28. Umeshinda, usikimbilie mahakamani kuusajili, huo siyo tuzo ya arbitreta. Chini ya FIDIC mteja anatakiwa kuutekeleza hata kama hajaridhika. Kwenye hii mikataba midogo hesabu siku zako, na ya 29 asubuhi kama hujapokea notisi yao yoyote, barua ya kudai malipo iwe masijala kabla ya saa nne, nakala kwa mkaguzi wa ndani. Hiyo nakala inasogeza faili kuliko simu zote ulizopiga.