Waifai inasuasua usiku? Panga chaneli hivi

Wakuu, mimi nafunga waifai kwenye maghorofa na lawama ninayoisikia kila siku ni hii, mchana neti inapaa, ikifika saa mbili usiku inakata pumzi. Mara nyingi bando halina kosa, mnagombania hewa na majirani.

Elewa kwanza, chaneli ni njia ya mawimbi ambayo ruta (kile kifaa kinachorusha waifai) na simu zinaongelea, na kwenye chaneli moja anaongea mmoja tu kwa wakati. Simu yako kabla ya kutuma inasikiliza, ikikuta kuna anayeongea inanyamaza, pakitulia inasubiri tena kidogo kwa muda wa kubahatisha ndo itume, na wawili wakigongana kila mmoja anarudia ila safari hii anaweza kusubiri zaidi. Foleni ya bombani isiyo na msimamizi.

Hatua ya 1: pakua app ya kupima waifai, pima saa mbili usiku uone majirani wamejazana chaneli zipi, sio saa nne asubuhi majirani wote wako kazini.

Hatua ya 2: ingia kwenye ruta (anuani iko kwenye stika chini yake, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1), nenda bendi (kundi la chaneli) ya 2.4 GHz, chagua 1, 6 au 11 basi, ile uliyoikuta ina msongamano mdogo. Hapa hata mimi niliumbuka, niliona 3 tupu nikamwekea mteja, kesho yake simu haikukaa. Chaneli zimeachana MHz 5 tu wakati ruta inatumia upana wa MHz 20, kwa hiyo ukikaa 3 unawakanyaga wa 1 na wa 6 wote, nao wanakukanyaga, na kwao wewe ni kelele tu, hakuna wa kukupisha vizuri. Bora ubanane na jirani kwenye 6, mnasikiana mnapeana zamu.

Hatua ya 3: upana acha 20. Ukiweka 40 kwenye 2.4 umejaza jengo zima.

Hatua ya 4: TV na laptop hamishia 5 GHz, chaneli kibao, ila ukuta unaimaliza, chumba cha mwisho usitegemee.

Halafu toa ruta kwenye kabati jamani, iweke katikati ya nyumba. Kifaa kilichoko mbali kinaongea polepole, kinachotuma kwa kasi ya Mbps 6 kinakalia hewa karibu mara 9 ya kile cha Mbps 54 kwa mzigo uleule, na wengine wote wanamsubiri huyohuyo mmoja wa chumba cha nyuma.

Ukimaliza sevu, pima tena usiku huohuo.