Kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu: ninavyojenga changu, hatua kwa hatua

Ukifika ziwa Mille Lacs, jimbo la Minnesota, Marekani, mwezi Januari, utakuta juu ya maji yaliyoganda pamejengwa mitaa. Vibanda vimejipanga, magari yameegeshwa, na usiku taa zinawaka kama za kijiji cha wavuvi. Mimi ni seremala, nimezaliwa Mwanza, ufundi nimefundishwa na baba, na kuvua nimekuta kunafanyika nyumbani kabla sijajua kusoma. Kuvua juu ya barafu nimejifunzia huku.

Kibanda changu cha kwanza nilikijenga kama ninavyojenga nyumba, na baada ya misimu miwili kikaoza. Cha pili bado kipo na hakinuki ukungu, na ndicho ninachokueleza hapa. Nikikazia jambo hapa chini, ujue nawaza mvuke. Baridi ya nje, hata ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri, hita ndogo inaimudu. Kinachoua kibanda ni maji yanayozaliwa ndani: pumzi zenu, birika la chai, nguo zilizolowa, na gesi ya hita yenyewe. Kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Mvuke huo usipopewa njia ya kutoka, unaingia ukutani.

Kabla ya kukata ubao

Changu ni futi 6 kwa 8, yaani mita 1.8 kwa 2.4, na kimo cha ndani ni futi 6 na nusu. Plaiwudi huuzwa karatasi za futi 4 kwa 8, kwa hiyo sakafu inakula karatasi moja na nusu na hakuna cha kutupa. Upana wa futi 6 unapanda trela ya kawaida. Watu wawili wanavua na wawili wanalala. Najua utatamani 8 kwa 12, lakini anza na hiki. Kikiwa kitupu changu kina karibu kilo 400, na kila kilo utakayoongeza utaivuta mwenyewe kwenye theluji.

Chora sakafu kwenye karatasi na uanze na matundu ya kuvulia, yale ya sakafuni utakayochimbia barafu na kushushia mshipi. Mbao za sakafu ndizo zitakazofuata matundu. Wengi hujenga sakafu kwanza, kisha wakitoboa wanakuta ubao umepita katikati kabisa ya mahali walipotaka kukaa.

Hatua ya 1: sakafu na miguu

Unga fremu ya mbao za mbili kwa nne zenye dawa, zikae kwa ubavu, inchi 16 toka katikati ya ubao hadi katikati ya ubao unaofuata, zikikatiza upana wa futi 6. Pima kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, pembe zimekaa sawa. Geuza fremu kichwa chini, ifunike kwa plaiwudi nyembamba yenye dawa, kisha funga miguu miwili ya kuteleza, mbao za nne kwa nne, kwenye kingo za nje kabisa kwa bolti. Ncha za mbele na za nyuma za miguu zikate mshazari kama omo la mtumbwi, na chini yake funga bapa la chuma, vichwa vya skrubu vizame ndani. Kichwa kimoja kikichomoza kitakwangua barafu njia nzima.

Geuza tena. Kati ya mbao jaza povu gumu, yale mabamba ya kuzuia baridi, unene wa inchi 3. Usiweke sufi ya kioo, ile ya nyuzi laini wanayojazia kuta za nyumba, hata ukipewa bure. Mimi niliiweka kwenye kibanda cha kwanza. Nilipofungua sakafu mwezi Aprili, niliinua kipande kwa mikono miwili kikawa kizito kama taulo lililotolewa kwenye beseni, nikakikamua, maji yakachuruzika hadi kwenye viatu. Ubao uliokuwa chini yake ulikuwa mweusi, na kidole kiliingia.

Juu ya povu weka plaiwudi ya milimita 18, gundi na skrubu.

Sasa matundu. Ninaweka manne, kila moja katikati ya mbao mbili, na kitovu chake inchi 12 toka ukutani. Ukiusogelea ukuta zaidi ya hapo, mpini wa keekee ya barafu utagonga ukuta kabla hujaanza kuchimba. Kila tundu ninalivika ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyokatwa kitako. Ukingo wa ndoo unakaa juu ya sakafu, mwili unashuka hadi karibu na barafu, na mfuniko wake ndio mlango wa tundu. Upepo wa chini ya kibanda haupandi tena miguuni mwako. Keekee yangu ni ya inchi 8 na inapita ndani ya ndoo bila kugusa.

Hatua ya 2: kuta na paa

Kuta ni za mbili kwa mbili. Fundi wa nyumba ataziona nyembamba, lakini hapa unatafuta wepesi, na ubao wa mbili kwa mbili ukipimwa una inchi moja na nusu kamili, sawasawa na unene wa bamba la povu linalouzwa dukani. Linaingia na kukaa bila nafasi ya hewa. Nguzo zikae kila inchi 24, na kila kiungo kipate gundi pamoja na skrubu, kwa sababu kibanda hiki kitatikiswa barabarani kuliko nyumba yoyote uliyowahi kujenga.

Paa nalifanya la mteremko mmoja, mbao za mbili kwa nne, upande mmoja juu ya mwingine kwa inchi 4. Theluji ni nzito, usibane mbao hapa. Nje yote ni bati jembamba, skrubu zenye raba.

Mlango ufunguke kwa nje, na komeo lifunguke kutoka pande zote mbili. Sheria ya Minnesota inataka mlango uweze kufunguliwa kutoka nje wakati wowote kukiwa na mtu ndani, na ni sheria yenye huruma. Madirisha yawe ya vioo viwili, nayo uyaweke chini, kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Utakaa saa nyingi kuliko utakazosimama.

Hatua ya 3: ukuta wa ndani, mahali pa kutulia

Hapa usifanye haraka. Ukishajaza povu kati ya nguzo, kila ufa uzibe kwa povu la kopo, hata ule unaoona hauna maana. Kisha usiweke mbao za ndani bado. Pitisha kwanza bamba jembamba la povu, nusu inchi, juu ya nguzo zote, ukuta mzima na dari.

Nitakuambia kwa nini. Kwenye kibanda cha kwanza, asubuhi moja nililala nikitazama dari nikaona vitone vyeupe vimejipanga mistari, kama vifungo vya shati. Vilikuwa vichwa vya skrubu. Chuma kilikuwa kinaleta baridi ya nje moja kwa moja, mvuke wa usiku ukagandia pale, na kila kichwa kikafanya sakitu. Nilipoongeza moto kuchemsha chai, vyote vikaanza kudondoka kwa pamoja juu ya blanketi. Mbao za nguzo nazo hupitisha baridi kuliko povu, ila taratibu. Lile bamba la nusu inchi linakata njia hiyo.

Juu ya bamba tandaza nailoni nzima, viungo vipandane inchi 6 na vibandikwe kwa utepe. Nailoni ikae upande wa ndani, upande wa joto. Ukiiweka nje nyuma ya bati, umeufungia mvuke ndani ya ukuta. Mwisho ndipo unapiga plaiwudi ya milimita 6, au mbao za mwerezi ukitaka harufu nzuri na mfuko unaruhusu. Paka vanishi mara mbili.

Sakafuni weka mpira. Zulia linapendeza kwa wiki moja, baada ya hapo ni sponji yenye harufu ya samaki.

Hatua ya 4: moto na hewa

Nunua hita ya ukutani inayovuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi wake nje kwa bomba. Ni ghali kuliko ile ya kukaa sakafuni bila bomba, lakini maji yote ya gesi yanatoka nayo. Mtungi ukae nje. Viungo vya bomba vipake maji ya sabuni. Ukiona mapovu, gesi inavuja, usiwashe.

Hata hita ikiwa nzuri namna gani, toboa matundu mawili ya hewa, moja chini karibu na sakafu na moja juu upande wa pili, na usiyazibe kwa tambara usiku baridi inapouma. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina rangi wala harufu. Inakuchukua usingizini. Funga king'ora chake, badilisha betri kila msimu, na kisipokuwepo usilale humo ndani. Hili silijadili na mtu, hata awe mkubwa kwangu kwa umri.

Vitanda ni vya kukunja, vina bawaba ukutani na minyororo miwili. Taa ni za volti 12, betri moja.

Hatua ya 5: kwenda ziwani

Barafu mpya iliyo safi inabeba mtu kwa miguu ikiwa na inchi 4. Pikapu ya kawaida inataka 13. Barafu nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji, ihesabu kuwa ni nusu ya nguvu na udai unene mara mbili. Nenda kwanza kwa miguu na mtaimbo, upime kila baada ya mita 45 hivi, maana unene wa hapa si unene wa pale.

Andika nje ya kibanda jina na anwani yako, au namba ya leseni ya udereva, kwa herufi zisizopungua inchi 2, na ubandike vipande vya kuakisi mwanga kila upande. Ukikiacha bila mtu kinahitaji leseni yake. Mishipi ni miwili kwa mtu mmoja.

Ukishakiweka, kiinue kwa jeki na usukume vipande vya mbao chini ya miguu. Joto la sakafu huyeyusha barafu kidogo mchana, usiku inaganda tena, na miguu inashikwa. Kingo zote zizibe kwa theluji ili upepo usipite chini. Vile vipande vya mbao vilegeze kila wiki, na siku ya kuondoka urudi navyo vyote pamoja na taka zako. Tarehe ya mwisho ya kuondoa vibanda ipo mwezi Machi na inatofautiana kati ya kusini na kaskazini mwa jimbo, kwa hiyo iangalie kila mwaka kabla hujaondoka nyumbani.

Kikifika uani, fungua mlango, madirisha na mifuniko yote minne, ukiache hivyo wiki nzima yenye jua. Halafu piga magoti, ingiza mkono kwenye kila ndoo na uguse ubao unaozunguka tundu. Ukiwa mkavu, paka dawa upya na ufunge.