Injini ikizima juu ya mkonge: somo la ndege ndogo

Juzi nilikuwa juu ya Pongwe, hapa Tanga, na mwanafunzi, futi 3,000, asubuhi isiyo na wingu. Nikarudisha throto, mpini wa nguvu za injini, hadi mwisho bila kumwambia. Injini ikabaki inakoroma tu. Mwanafunzi akanitazama mimi, akaitazama throto, halafu akauliza, "Mwalimu, umezima?" Muda wote huo pua ilikuwa palepale, na mshale wa mwendo unateremka: 90, 80, 70, 60. Somo hili limetokana na mshale ule.

Natumia mfano wa Cessna 172S. Ndege yako ikiwa nyingine, fuata namba za kitabu chake, si zangu.

Hatua ya 1: Pua chini, noti 68

Injini haiibebi ndege. Kinachoibeba ni hewa inayopita kwenye mabawa, na injini kazi yake ilikuwa kukupa mwendo. Ikinyamaza, mwendo utaununua kwa futi ulizonazo. Sukuma usukani mbele mpaka mshale utulie kwenye noti 68 (maili za baharini kwa saa), weka trimu, gurudumu linaloishikilia pua mahali pake, kisha legeza mkono uone kama unakaa. Hapo, kama hakuna upepo, utapata maili moja na nusu za baharini kwa kila futi 1,000 unazopoteza. Futi 3,000 ni kama kilomita 8, na dakika nne hivi. Dakika nne si haba. Pale Ngamiani mtu anamaliza kachori mbili na chai anaimeza nusu.

Tatizo ni mwili. Ardhi ikianza kusogea, mkono unavuta usukani wenyewe, bila ruhusa yako. Ukiuacha uvute, ndege haifiki mbali zaidi. Inapungua mwendo, inazama haraka, na bawa likiacha kubeba hutui tena, unaanguka. Ndiyo maana kwa mwanafunzi mpya nafanya zoezi hili mpaka anichukie.

Hatua ya 2: Chagua pa kutua

Wengi hutazama mbele, kule mbali. Chungulia kwanza chini ya dirisha lako, hata nyuma ya bawa.

Kwetu Tanga jicho linakimbilia mkonge. Kutoka juu unaonekana kama kichwa kilichochanwa vizuri, tambarare, mistari imenyooka. Usidanganyike. Majani yake ni mikuki, na uliokomaa umetoa milingoti mirefu kuliko nyumba. Tafuta barabara ya shamba kati ya vitalu, na ukikosa, shamba changa, utue kwa kufuata mistari, usiikate. Minazi na mikoko iache. Mashamba ya chumvi yanang'aa kama uwanja wa ndege, lakini kila kitalu kina tuta lake. Ufukwe ni mzuri maji yakipwa, hasa siku za bamvua, kwenye mchanga mgumu ulio karibu na maji. Uwanja wa mpira wa shule mimi siuchagui mpaka nimeuona mtupu.

Upepo usiutafute kwenye vipimo. Tazama tanga la ngalawa, au moshi wa kiwanda cha saruji pale Pongwe. Tua ukiukabili.

Hatua ya 3: Jaribu kuiwasha

Mkono uanzie sakafuni, ukipanda juu: koki ya mafuta iwe kwenye matangi yote mawili, valvu ya kuzimia mafuta iwe imesukumwa ndani, mikscha (mpini wa kuchanganya mafuta na hewa) mbele kabisa, pampu ya mafuta washa, magneto, zile zinazotoa cheche za injini, zote mbili. Kuna nyakati injini haijavunjika, imenyimwa mafuta tu. Isipoitika, iache. Futi zinaisha.

Hatua ya 4: Sema

"Mayday" mara tatu, jina la ndege, tatizo, mahali ulipo, watu wangapi. Sema kwenye masafa uliyopo au 121.5, yale ya dharura, na transponda, kifaa kinachoijibu rada, weka 7700, namba ya dharura. Nimeiweka ya nne makusudi: kwanza ndege, maneno baadaye.

Hatua ya 5: Kabla ya kugusa

Mikanda kaza. Funga mafuta, mikscha vuta nje, magneto zima. Milango iache wazi kidogo, kwa sababu fremu ikipinda haifunguki. Shusha flapu, vibao vya nyuma ya mabawa, ndipo uzime masta, swichi kuu ya umeme, maana flapu zinakula umeme. Gusa kwa mwendo mdogo kabisa ndege inaokubali. Bawa likitaka kubaki kwenye mnazi, libaki.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Sahare:* Shikamoo mwalimu. Ikizima mara tu baada ya kuruka, futi 400, kwa nini nisigeuke? Uwanja si upo hapo nyuma?

Marahaba. Upo nyuma, ndiyo, ila kuurudia si nusu duara. Unageuka zaidi ya hapo ili uulenge tena. Ukiogopa kuchelewa, utailaza ndege sana. Sasa tazama: 172S isiyoshusha flapu bawa linaacha kubeba kwenye noti 48 ikiwa imenyooka. Ukiilaza digrii 45, ni noti 57. Digrii 60, ni noti 68, yaani mwendo uleule niliokwambia uushike. Futi 400 shusha pua, tua mbele, ukikwepa kidogo kulia au kushoto.

*Kutoka Chumbageni:* Kaka, nimesikia barafu inazima injini. Barafu Tanga hii, jasho lote hili?

Hapahapa. Kwenye 172 za zamani zenye kabureta, mafuta yakigeuka mvuke na hewa ikitanuka mle ndani, joto linashuka zaidi ya digrii 20. Hewa yetu imejaa unyevu wa bahari, basi unyevu unaganda na kuziba koo. Dalili ni mzunguko wa injini kupungua polepole, hasa ukiwa umepunguza nguvu ili ushuke. Vuta kitufe cha joto la kabureta, kinachoingiza hewa ya moto. Injini itatetemeka vibaya zaidi kwanza, barafu inayeyuka na kupita ndani, na wengi hapo huogopa na kurudisha. Usirudishe. Hiyo 172S haina kabureta, kwa hiyo hili halikuhusu ukiwa nayo.

*Kutoka Pangani:* Uliwahi kupata yako ya kweli?

Hewani, bado. Ilinikaribia ardhini. Asubuhi moja baada ya mvua nilikinga mafuta kutoka chini ya tangi, kwenye kikombe kile cha kioo. Mafuta yetu ni ya bluu. Chini ya bluu palikaa tone jeupe, limetulia kama lulu: maji. Nikamwaga, nikakinga tena, nikalikuta. Mara ya nne ndipo kikombe kikawa bluu tupu. Angalizo: kikombe kizima kikiwa maji matupu hutaona mstari wowote, na mwenye haraka atasema ni safi. Kiinue kwenye mwanga na ukinuse.

*Kutoka Raskazone:* Kuvuka kwenda Pemba kwa injini moja, ni salama?

Piga hesabu. Mkondo una upana wa kilomita 50 hivi, kwa hiyo katikati uko kilomita 25 kutoka nchi kavu. Kuteleza mpaka ufukweni kunataka futi zaidi ya 9,000. Basi zipande juu ya nchi kavu kwanza, uvuke kwa 9,500. Jaketi la kuokolea vaa kabla ya kuwasha injini. Kulivaa hewani huku umeshika noti 68 ni kazi ya watu wawili.

*Kutoka Muheza:* Mimi si rubani, napanda tu na wanangu kwenda Unguja. Ikiingia majini nifanye nini?

Dada, jaketi vaa, ila usilijaze upepo ukiwa ndani. Novemba 23, 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaangukia baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 175, walikufa 125. Baadhi walinusurika kishindo, lakini walikuwa wamejaza jaketi ndani. Maji yalipoingia yakawanyanyua hadi darini, wakashindwa kuzama kuufikia mlango. Kila ukikaa, hesabu viti kutoka chako hadi mlangoni kwa kuvigusa, na wanao wahesabu pia. Kamba ya jaketi ivutwe mkiwa mlangoni, mnatoka.