Jinsi ya Kusoma Maandishi ya Mkono Ndani ya Vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza

Anayepata kitabu kilichobebwa na askari wa Uingereza kati ya 1914 na 1918, mara nyingi Agano Jipya dogo la kutia mfukoni, hukimbilia jina lililoandikwa ndani ya jalada. Jina lina thamani yake, lakini kwa mtafiti lililo muhimu zaidi ni namba ya askari na kikosi chake, kwa kuwa wenye majina yanayofanana walikuwa wengi.

Kabla ya kuamini chochote, hakikisha kwamba mwandiko unaouona uliandikwa kwa mkono kweli. Matoleo mengi ya Agano Jipya la askari yalichapishwa na ujumbe wa Lord Roberts wa tarehe 25 Agosti 1914, ukiwa katika sura ya mwandiko wake, na bado wapo wanaodhani wamepata saini halisi ya jemadari huyo. Roberts alifariki Novemba 1914, kwa hiyo hakuweza kutia saini kitabu kilichochapwa 1916. Inamisha ukurasa, mulika tochi kutoka ubavuni, kisha utazame kwa lenzi ya kukuzia: kalamu ya nibu huacha mfereji mwembamba, na wino hukolea pale mkono ulipotua au kugeuka, ilhali wino wa mashine umelala sawasawa.

Baada ya hapo chunguza wino wenyewe. Wino mweusi wa zamani uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma hugeuka kahawia kadiri miaka inavyopita, na wakati mwingine huila karatasi. Askari wengi walitumia penseli ya wino, ambayo ikikauka hufanana na penseli ya kawaida lakini ikiguswa na unyevu hugeuka zambarau na kusambaa, kwa hiyo usithubutu kupangusa ukurasa kwa kitambaa chenye maji. Ukikuta tarehe ya 1917 iliyoandikwa kwa kalamu ya bolpeni, fahamu kwamba maneno hayo yaliongezwa baadaye, kwani kalamu hizo zilianza kuenea baada ya 1945. Huenda ni mjukuu aliyeandika kwa nia njema, lakini huo si ushahidi wa wakati wa vita.

Vifupisho navyo vinasomeka kwa subira. Pte ni askari wa kawaida, Gnr ni wa mizinga, Spr ni wa uhandisi, na KAR ni King's African Rifles, kikosi kilichopigana Afrika Mashariki. Namba isiandikwe katika kumbukumbu zako bila kikosi, kwa sababu kabla ya 1920 vikosi vilitoa namba zao vyenyewe, hivyo namba moja iliweza kuwa ya watu kadhaa, na mtu mmoja aliyehama aliweza kuwa na namba zaidi ya moja. Askari wa akiba wa Territorial Force walipewa namba mpya mapema 1917, nyingi zikiwa na tarakimu sita. Namba kama hiyo kando ya tarehe ya 1915 inataka maelezo.

Vitabu vya Kijerumani ni kazi nyingine, maana maneno ya mkono ndani yake mara nyingi yaliandikwa kwa hati ya Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ambayo herufi e yake humdanganya msomaji aione kuwa n. Tafuta jedwali la hati hiyo kwanza.

Ukishapata jina, namba na kikosi, tafuta katika hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikiwa mtu huyo alikufa vitani, na katika nakala za kadi za medali zilizo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, hata kama alinusurika. Usikate tamaa ukikosa jalada lake la utumishi, kwani sehemu kubwa ya majalada hayo iliungua katika shambulio la mabomu la Septemba 1940.

Matokeo yako yaandike kwa penseli kwenye karatasi tofauti isiyo na asidi, uiweke pamoja na kitabu, wala usibandike selotepu popote, hata kama ukurasa umechanika.