Mahudhurio, sapu na viza: kanuni za shahada ya uzamili Uingereza

Anayesoma shahada ya uzamili Uingereza kwa viza ya mwanafunzi ana vitabu viwili vya kanuni mkononi. Cha kwanza ni cha chuo: alama, mitihani, udhuru. Cha pili ni cha uhamiaji, na humo chuo ndicho mdhamini wako mbele ya Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza. Wengi wanaoingia matatani hawakukusudia kuvunja kanuni yoyote. Walichukua uamuzi ulioruhusiwa na kitabu cha kwanza bila kutazama unagusa nini katika cha pili. Basi kila unapotaka kuahirisha, kurudia mtihani au kusafiri, waulize wote wawili, ofisi ya idara yako na ofisi ya viza ya wanafunzi wa kigeni, na majibu yao uyapate kwa baruapepe.

Uzamili wa darasani kwa kawaida una krediti 180: moduli za krediti 120 na tasnifu ya krediti 60, vyote ndani ya miezi 12. Alama ya kufaulu ni 50, kuanzia 60 ni daraja la merit, na kuanzia 70 ni distinction. Ukipata 62 umefanya vizuri. Alama za 80 hutolewa kwa nadra sana, kwa hiyo usizipime kwa macho ya shule ya sekondari.

Alama ya moduli hutokana na uzito wa kila kazi. Tuseme insha ina uzito wa asilimia 40 na umepata 44, mtihani una asilimia 60 na umepata 56. Hesabu ni 17.6 jumlisha 33.6, sawa na 51.2: umefaulu. Lakini zipo moduli, hasa za uuguzi, sheria na uhasibu zinazotambuliwa na bodi za taaluma, ambazo hudai ufaulu kila sehemu peke yake. Hapo ile 44 ni sapu, yaani kurudia kazi au mtihani uliofeli. Sharti hilo huandikwa kwenye kijitabu cha moduli, mara nyingi kwa mstari mmoja tu, nawe ulitafute wiki ya kwanza. Vyuo vingi pia huweza kukufidia, yaani kukupitisha bila kurudia, moduli yenye alama 40 hadi 49 ikiwa nyingine ziko vizuri, ila kuna kikomo cha krediti na tasnifu kwa kawaida haifidiwi.

Kuchelewa kukusanya kazi hukatwa alama. Mtindo ulioenea ni kukata alama 5 kwa kila siku ya kazi, na baada ya siku 5 unapata sifuri. Kazi ya 62 iliyochelewa siku mbili inakuwa 52. Ikichelewa ya tatu ni 47, umefeli kazi uliyoiandika vizuri. Kama uko likizo nyumbani, angalia saa: mwisho wa saa 6 mchana ya Uingereza ni saa 9 alasiri Dar es Salaam na Nairobi wakati wa baridi, na saa 8 mchana wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Pakia faili mapema, kisha uifungue upya kuhakikisha si rasimu. Faili isiyo sahihi huhesabiwa kama ulivyoituma.

Mahudhurio huchukuliwa kwa kadi, kwa programu ya simu au kwa msimbo unaooneshwa darasani. Kumtumia mwenzako msimbo ili ajiandikishe akiwa kazini ni kosa la nidhamu kwenu nyote wawili. Chuo hakiangalii kipindi kimoja ulichokosa, kinaangalia mwenendo: vipindi vinavyopotea mfululizo, baruapepe zisizojibiwa, kikao na msimamizi kisichofanyika. Wakati wa tasnifu hakuna darasa, kwa hiyo vikao na msimamizi ndivyo mahudhurio yako. Baada ya kila kikao mwandikie mistari mitatu ya mliyokubaliana. Ukiamua kwenda kuandikia tasnifu Mombasa au Arusha bila idhini, unaweza kuhesabika umeacha masomo, na unaweza pia kuikosa viza ya baada ya masomo, maana anayesoma kozi ya miezi 12 au pungufu anatakiwa awe ameisoma yote akiwa Uingereza.

Kazi za kulipwa nazo huwaponza watu. Kikomo ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, Jumatatu hadi Jumapili, kwa ajira zako zote pamoja. Wiki ya saa 26 haifidiwi na wiki ya saa 14. Kwa uzamili, miezi ya kiangazi ya tasnifu ni muhula, hata kama wenzako wa shahada ya kwanza wako likizo na wanafanya kazi kutwa. Kazi za kujiajiri, kama kusambaza chakula kwa baiskeli, haziruhusiwi kabisa.

Sasa udhuru, na hili linawahusu sana watu wetu. Ukiugua au ukifiwa, jaza fomu ya udhuru kabla ya tarehe ya kazi au mtihani. Vyuo vingi vina kanuni kwamba anayeingia chumba cha mtihani amekiri kuwa yuko sawa, hivyo ukifanya mtihani na homa halafu ukalalamika baadaye, hutasikilizwa.

Fomu huuliza ndugu wa karibu, ikimaanisha mzazi, ndugu wa tumbo moja, mwenzi au mtoto. Mama mdogo aliyekulea hamo. Usiandike tu uhusiano kwa neno moja. Andika sentensi mbili: alikulea tangu una umri gani, uliishi kwake wapi. Maofisa wanaosoma fomu hizo wana nafasi ya kupima, lakini hawawezi kupima wasichoambiwa. Ushahidi nao ni tatizo. Kwa Waislamu maziko hufanyika siku hiyo hiyo au kesho yake, na cheti cha kifo, kwa Tanzania Bara kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, hufuata baadaye. Usikisubiri. Tuma fomu ndani ya muda, ambatanisha kibali cha mazishi au barua ya msikiti, kanisa, serikali ya mtaa au chifu pamoja na tafsiri yake kwa Kiingereza, na useme cheti kitafuata. Kabla ya kukata tiketi, pata ruhusa ya kusafiri kwa maandishi yenye tarehe ya kuondoka na ya kurudi.

Tarehe ya kurudi ina uzito. Chuo hakiruhusiwi kuendelea kumdhamini mtu atakayekuwa nje ya masomo zaidi ya siku 60, isipokuwa kwa sababu nzito za kipekee. Ukiahirisha mwaka mzima, kinatakiwa kuripoti ndani ya siku 10 za kazi. Home Office kwa kawaida hufupisha viza ikakuachia siku 60. Ukiwa tayari nje ya nchi unaweza kufutiwa bila siku hizo. Kurudi kutahitaji CAS mpya, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kinakudhamini, na viza mpya.

Sapu hufuata mantiki hiyo hiyo. Kwanza, alama ya marudio kwa kawaida hufungwa kwenye 50. Pili, tazama kalenda. Kozi ya miezi 12 iliyoanza mwishoni mwa Septemba 2025 huisha Septemba 2026, na viza huongezwa miezi 4, hadi mwishoni mwa Januari 2027. Bodi ya mitihani ikikaa Novemba na kukupa miezi mitatu kurekebisha tasnifu, unaikusanya Februari, viza imeshakwisha. Viza ya baada ya masomo huombwa ukiwa Uingereza, viza ya mwanafunzi ikiwa hai, na baada ya chuo kuiarifu Home Office kwamba umemaliza na kufaulu. Maombi ya kuanzia tarehe 1 Januari 2027 hupewa miezi 18 badala ya miaka 2, ila wa PhD hubaki na miaka 3. Kwa hiyo siku ya matokeo ya sapu, uliza mambo mawili: je, naweza kukusanya mapema, na je, chuo kitanipa CAS ya kuongeza muda?

Ukikata rufaa, usiandike kwamba ulistahili alama zaidi. Uamuzi wa kitaaluma wa msahihishaji haupingwi. Kinachosikilizwa ni utaratibu uliokiukwa, au udhuru ambao kwa sababu ya msingi hukuweza kuutoa mapema. Muda ni mfupi, mara nyingi siku 10 za kazi tangu matokeo. Washauri wa chama cha wanafunzi hukusomea rasimu bure, na hawaripoti kwa idara. Rufaa zikiisha ndani, dai barua ya kukamilika kwa taratibu. Kwa England na Wales barua hiyo ndiyo inayokufungulia mlango wa OIA, ofisi huru ya kusikiliza malalamiko ya wanafunzi, bila malipo, ndani ya miezi 12 tangu tarehe yake. Wakati unasubiri, viza yako haisimami kuhesabu siku.